Daka, Kiwanda na Msana: Historia ya Mahali katika Madarasa ya Chini

Mtoto wa Lamu aliye katika darasa la kwanza akiulizwa kiwanda ni nini, aweza kutoa majibu mawili, na yote yakawa sahihi. Katika kitabu cha shule, kiwanda ni mahali penye mitambo. Katika nyumba kongwe za mawe za mji wake, kiwanda ni ua ulio wazi kwa juu, uingizao mwanga na hewa. Kitabu hutambua jibu la kwanza tu.

Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake katika miaka mitatu ya mwanzo. Kwa Lamu pendekezo hilo laonekana kutimia pasipo jitihada, kwani lugha ya mji ni Kiswahili. Lakini Kiswahili cha vitabu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928. Kiamu husema tini na yuu pale wengine wasemapo chini na juu. Mwalimu akiyapigia mstari mwekundu maneno hayo, amemfahamisha mtoto kwamba usemi wa nyanya yake hauna nafasi shuleni. Na historia ya mji imo katika usemi huo.

Mtoto wa miaka sita hajui bado kupima karne, ila ajua kupima chumba kwa hatua. Na aingie kwa daka, penye baraza za kumkalishia mgeni. Apite tekani, afike kiwandani, kisha msana wa tini, msana wa yuu, hadi ndani. Ataona kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba mno. Sababu ni boriti za mikoko zibebazo dari: upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wake. Kwa swali hilo moja darasa lafika kwenye mikoko, kwenye chokaa ya matumbawe, na kwenye majahazi yaliyopeleka boriti hadi Arabuni.

Ugumu uko kwingine. Nyumba hizo zilikuwa za matajiri, na kazi zake nyingi zilifanywa na watumwa. Sheria ya kuondoa hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya ilipitishwa mwaka 1907 tu. Vitukuu vya pande zote mbili huenda wakakaa dawati moja. Somo lisifulo zidaka na nakshi za ukutani pekee huwaacha baadhi yao nje ya mlango. Yafaa basi mwalimu aulize pia: nani aliyeteka maji, na alilala wapi? Hata mtoto wa nyumba ya makuti ana la kujibu hapo, maana boriti na kamba za kwao zina majina yake.

UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Majina ya vyumba, hata hivyo, hayalindwi na kuta. Orodha yake yaweza kuandikwa na watoto wenyewe, wakisaidiwa na wazee wa mtaa, kiwanda kikipewa maana zake mbili bila moja kuitwa kosa.