Je, Wajua? Fildi ya Kurudisha Msitu, Bila Kupanda Mti

Je, wajua kuwa mwanachuo wa misitu au wanyamapori anayekuja Rukwa kwa fildi ya likizo ndefu anaweza kumaliza muda wake bila kupanda mti hata mmoja? Fildi nyingi huangukia Julai hadi Septemba. Huku Ufipa wakati huo ni vumbi, upepo na baridi: Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na anayeshuka stendi usiku bila sweta atajionea mwenyewe. Mvua haiji mpaka Novemba. Mche uliotiwa ardhini Agosti umezikwa, haukupandwa.

Hata Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, inawafaa zaidi watu wa masika. Kwetu huku kwenye msimu mmoja wa mvua, Aprili mvua inaaga.

Kazi ya kiangazi basi ni mbegu, moto na magugu.

Je, wajua kuwa mti wa mtundu hurusha mbegu zake wenyewe? Ganda likikauka hupasuka ghafla kwa mlio unaosikika, na mbegu zinatua mbali na mti mama. Ukichelewa kidogo unaokota maganda matupu yaliyojikunja. Na mbegu hizo hazijui kungoja: zikipata unyevu zinaota mara moja, kwa hiyo ardhi ya misitu ya miombo haina ghala la mbegu za mtundu za kutegemea mwakani.

Mninga ndio unaotesa vidole. Tunda lake ni duara lenye bawa pande zote, na katikati kuna kifundo chenye miiba laini iliyosimama kama nywele za brashi. Ndani ya kifundo hicho kigumu, mbegu moja au mbili tu. Ukishafanikiwa kuotesha, jiandae kwa kioja kingine: miaka ya mwanzo, shina la mche wa mninga hunyauka na kufa kila kiangazi, huku mzizi ukizidi kunenepa chini. Mvua zikirudi, linachipua jingine. Mkaguzi mwenye haraka anaandika "miche yote imekufa" na kupanda gari lake.

Je, wajua kuwa viriba vya mtundu na mkusu vinahitaji udongo kidogo kutoka chini ya miti mikubwa ya jamii hiyo? Mizizi ya miti hiyo huishi kwa ushirika na kuvu: kuvu humletea mti maji na madini, mti humlipa kwa sukari. Uyoga mwingi unaouzwa kando ya barabara mvua zikianza ni matunda ya kuvu hao hao. Ukifyeka miombo, umefuta na mboga.

Je, wajua kuwa moto unaweza kuzuiwa kwa moto? Nyasi zikichomwa mwanzoni mwa kiangazi, zingali na ubichi, moto hupita taratibu. Zikiachwa hadi Septemba au Oktoba, moto huo huo unaua machipukizi. Ndiyo maana vijana wa fildi hupewa majembe na mafyekeo, wakasafishe barabara za moto.

Je, wajua kuwa mti nao unaweza kuwa gugu? Katika Hifadhi ya Taifa ya Mahale, huko kaskazini kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, Senna spectabilis kutoka Amerika ya kitropiki ulipandwa kwa ajili ya maua yake ya njano. Ukavamia msitu. Kuukata tu ni kuupogolea, maana kisiki huchipua upya. Inabidi kuumenya gome kuzunguka shina.

Tabia hiyo hiyo ya kisiki ni neema kwa miti ya asili. Dodoma, taasisi ya LEAD Foundation imeeneza njia ya Kisiki Hai: chagua machipukizi machache yenye nguvu, pogolea mengine, weka alama, linda. Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili zao, malisho yanayofungwa ili yapumzike. Kwa maoni yangu njia hizi zinashinda sherehe nyingi za kupanda miche inayosahauliwa kesho yake.

Je, wajua kuwa Wafipa walifua chuma katika tanuru ndefu kuliko mtu, malungu, zisizohitaji mivukuto? Zilikula mkaa mwingi, yaani miti mingi. Na palipokuwa na nyasi badala ya miti, mkulima alizifukia nyasi hizo katika matuta ya ntumba zioze, apate mbolea ya ulezi.

Je, wajua kuwa utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi kufanya kazi hifadhini wakati wa likizo ulianza Marekani kwa tasnifu ya binti wa chuo? Elizabeth Cushman aliiandika mwaka 1955. Mwaka 1957 kundi la kwanza likaingia Hifadhi ya Olympic.

Na wewe kijana wa Mazwi, hapa Sumbawanga, unayewaza fildi ya Serengeti: milima ya Mbizi iko hapo hapo, na msitu wake uliobaki una mbega wekundu, kima adimu duniani. Peleka barua yako kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) mapema, kabla wenzako wa vyuo vya Morogoro hawajajaza nafasi. Sweta usisahau.