Mwili wa marehemu: mambo yanayotokea na namna ya kujilinda

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia, viatu, vumbi na mawe yanayoanguka. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulitaja: mwili wa mtu aliyekufa. Hatutaki kukuogopesha. Lakini siku moja utaitwa kwenye matanga ya ndugu, ya jirani au ya mwenzako wa kazi. Utaombwa usaidie kuinua, kuosha au kuvika. Ni vizuri ujue unachokiona na unachokigusa.

Tutachukua mfano wa Butembo na Beni, huko Kivu ya Kaskazini. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia katika sehemu za Beni, upande wa Mangina. Ugonjwa ukafika Butembo na Katwa, ukavuka hadi Ituri, na ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao wakafa. Wengine waliupata walipomtunza mgonjwa, wengine katika vituo vya afya, na wengine walipomwosha marehemu wao.

MWILI UNABADILIKA NAMNA GANI?

Moyo ukisimama, damu haitembei tena. Kuanzia hapo mwili unapita hatua nne, awe tajiri au maskini, awe amekufa kwa homa au kwa uzee.

Kwanza, mwili unapoa. Joto la mtu mzima ni karibu digrii 37. Baada ya kifo linashuka polepole, karibu digrii moja kwa saa, mpaka lilingane na hewa ya mahali.

Pili, damu inashuka chini kama maji ndani ya chupa. Marehemu akilazwa chali, damu inakusanyika mgongoni na nyuma ya mapaja. Madoa ya rangi ya zambarau yanaweza kuonekana baada ya nusu saa hadi saa mbili, na baada ya saa 8 hadi 12 hayahami tena. Watu wengi wakiyaona wanasema: "Amepigwa" au "Amepewa sumu." Madoa hayo peke yake hayaonyeshi kosa la mtu yeyote.

Tatu, mwili unakakamaa. Msuli unahitaji nguvu ili ujikaze, lakini unahitaji nguvu pia ili ulegee. Nguvu hiyo ikiisha, nyuzi za msuli zinashikana kama mashine iliyokosa grisi. Ugumu unaonekana kwanza katika taya na shingo, baada ya saa mbili hadi nne. Kwa kawaida mwili wote unakuwa mgumu baada ya saa 12 hivi. Siku inayofuata unaanza kulegea tena, kwa sababu nyuzi zenyewe zimeanza kuharibika. Mtu hajaamka, wala hakuna aliyemroga.

Nne, mwili unaoza. Tumboni mwa kila mtu aliye hai mna vijidudu vingi vinavyosaidia kusaga chakula. Mtu akifa, vijidudu hivyo vinaanza kula mwili wenyewe na kutoa gesi. Tumbo linavimba. Majimaji, mara nyingine yenye rangi ya damu, yanatoka puani na mdomoni. Ukimgeuza marehemu unaweza kusikia sauti kama mtu anayeshusha pumzi. Hiyo ni hewa inayotoka kifuani.

Joto linaharakisha hatua hizi, na baridi inazichelewesha. Butembo iko juu mlimani, zaidi ya mita 1,700, na usiku kuna baridi. Beni iko chini zaidi, karibu na msitu, na joto lake ni kubwa. Kwa hiyo maiti haidumu Beni kama inavyodumu Butembo.

HATARI IKO WAPI?

Mtu aliyekufa kwa ajali au kwa uzee kwa kawaida hana hatari kubwa kwa yule anayenawa vizuri. Kwa Ebola mambo ni mengine. Virusi vya Ebola havifi pamoja na mtu. Saa ya kifo ndiyo saa ambayo vimejaa kuliko wakati wowote, katika damu, matapishi, mate na choo. Wataalamu walipima miili ya nyani waliokufa kwa Ebola, wakakuta virusi vilivyo hai hata siku ya saba baada ya kifo.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Mwili unatoa majimaji wenyewe, kwa njia ya kawaida tu, na majimaji hayo yamejaa virusi. Anayeosha anageuza, anafuta mdomo, anakandamiza tumbo, kisha anajifuta jasho usoni kwa mkono uleule. Mchubuko mdogo wa kidole, ambao mchimbaji hakosi, unatosha kuwa mlango.

Usiseme: "Hakutoka damu, kwa hiyo si Ebola." Wagonjwa wengi wa Ebola hawatoki damu kamwe. Mwanzo wake ni homa, uchovu, kutapika na kuhara, sawa na malaria au tifoidi. Kipimo ndicho kinachojua, na hata marehemu anaweza kupimwa kwa kumfuta mate ya mdomoni.

KWA NINI WATU WALIKATAA?

Tusiwacheke watu wa Beni na Butembo. Tangu mwaka 2014 vijiji vya Beni vilikuwa vinashambuliwa na kuzika watu waliouawa. Kisha, mwisho wa 2018, uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Wengi wakasema ugonjwa ni siasa. Walipoona watu waliojifunika mwili mzima wanamtia baba yao ndani ya mfuko, wakasema anaibiwa viungo. Mnamo Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Timu za mazishi nazo zilijifunza. Jamaa wanaweza kusali, kuchagua nguo na jeneza, kuuona uso kutoka mbali kidogo, na kutupa udongo kaburini. Kinachokatazwa ni kugusa. Heshima ya marehemu inabaki.

HABARI INAYOTUHUSU SISI WACHIMBAJI

Huko Durba, karibu na Watsa, kati ya 1998 na 2000, ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, ulishika watu 154 na kuua 128. Wengi wa waliougua walikuwa wachimba dhahabu.

Mnamo Julai 2019 mchimba dhahabu mmoja aliyetoka upande wa Mongbwalu alifika Goma, kisha akaugua. Alikaa nyumbani siku kadhaa, akapelekwa kutibiwa amechelewa, akafa. Mkewe na mtoto wao mdogo waliambukizwa pia. Lakini hao walipata dawa mapema, na mwezi wa Agosti walirudi nyumbani wakiwa wazima. Dawa zilizojaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina zilionyesha kwamba, kati ya wagonjwa 10 wanaopewa kabla virusi havijazidi mwilini, karibu 9 wanapona. Chanjo nayo ipo.

SHIKA MAMBO HAYA

1. Mtu akifa baada ya homa, kutapika au kuhara, usimguse, usimwoshe, usimsafirishe. Mjulishe kapita wako na dispensari ya kazi au kituo cha afya.

2. Usiguse nguo, godoro wala vyombo vyake.

3. Ikiwa ulikwisha kumgusa, nawa mara moja kwa maji na sabuni, na uwaambie waganga bila kuficha. Watakuangalia siku 21. Kuangaliwa si kifungo.

4. Ukipata homa katika siku hizo, nenda siku ileile.

5. Mwenzako akianguka kazini kwa ajali, usiamue mwenyewe kwamba amekufa. Baridi ya mwili peke yake si alama ya kutosha. Ita wasaidizi, na uanze huduma ya kwanza uliyofundishwa.

Ndugu mfanyakazi, marehemu hatakasirika usipomshika mkono. Wanao wanakungoja nyumbani.