Matundu Katika Nguzo za Pozzuoli

Katika mji wa Pozzuoli, ulio kando ya ghuba ya Napoli nchini Italia, zimesimama nguzo tatu za marumaru, kila moja ikizidi mita 12 kwa urefu, ambazo Warumi walizisimika katika soko lao la vyakula yapata karne kumi na tisa zilizopita, na ambazo, baada ya kufukiwa zama nyingi, zilifukuliwa mwaka 1750. Kwa sababu ya sanamu ya mungu Serapis iliyokutwa hapo, watu walidhani jengo lile lilikuwa hekalu, na wengi wangali wakiliita hivyo. Lakini lililozipa nguzo hizo sifa baina ya wanavyuoni si mungu wala soko, bali ni ukanda wa matundu, wenye kimo kinachokaribia mita 3, unaozizunguka zote kwa usawa mmoja, juu kabisa ya kichwa cha mtu asimamaye sakafuni.

Matundu hayo ni kazi ya kome wa baharini aitwaye Lithophaga, mwenye gamba la hudhurungi na umbo la tende. Angali mchanga mno, hutua juu ya jiwe la chokaa, akaliyeyusha kidogo kidogo kwa kemikali itokayo mwilini mwake, akaingia. Na kadiri anavyokua ndivyo anavyolipanua tundu kwa ndani, mlango ukibaki mwembamba, hata mwishowe hana njia ya kutoka, akaishi na kufa humo humo. Kwa kuwa marumaru nayo asili yake ni chokaa, kome hakuona tafauti baina ya nguzo ya soko na mwamba wa pwani.

Mskoti Charles Lyell alizizuru nguzo hizo mwaka 1828, na mwaka 1830 akaiweka picha ya nguzo hizo mwanzoni mwa kitabu chake *Principles of Geology*. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kupinga: ikiwa kome huyu haishi ila katika maji ya bahari, basi bahari iliwahi kufika kwenye tundu la juu kabisa, na ikiwa nguzo zingali wima, basi ardhi ilishuka nazo na kupanda nazo pasipo kishindo cha kuziangusha. Sehemu ya chini ilisalimika kwa sababu ilikuwa imekwisha kufunikwa na mashapo na majivu ya volkano. Wachunguzi wa baadaye, walipopima umri wa mabaki ya viumbe hao wa baharini, walipata dalili kuwa kuzama huko hakukuwa kwa mara moja bali mara tatu, ya mwisho ikitangulia mlipuko wa Monte Nuovo wa mwaka 1538. Wala ardhi hiyo haijatulia: baina ya 1982 na 1984 iliinuka kiasi cha mita 1.8.

Hapa ndipo naona ubora wa tundu juu ya gamba. Gamba ni shahidi anayesafiri. Wimbi humchukua, mkondo humbwaga mbali na alikoishi, na mwenye kuliokota hana yakini ya kwao. Tundu lililochimbwa katika mwamba haliondoki mahali pake, na pamoja na kueleza nani aliishi hapo, hueleza pia kuwa sakafu ya bahari ilikuwa imekwisha kuwa ngumu siku ile, kwani mwenye kupita katika tope huacha njia, hatoboi. Kwa dalili hiyo wataalamu hutambua sakafu za kale za chokaa zilizoganda zikiwa bado chini ya maji. Matundu ya namna hiyo yenye kuonekana kwa macho yamepatikana Labrador, nchini Kanada, katika miamba ya kipindi cha Kambria, yenye umri unaozidi miaka milioni 500. Na katika kipindi cha Ordovisi kilichofuata wachimbaji waliongezeka sana, kwa wingi na kwa aina.

Pamoja na wachimbaji walikuwako wapangaji wa juu: chaza, viumbe wadogo waitwao briozoa, na minyoo wenye vijumba vya chokaa, waliojigandisha juu ya jiwe wasihame tena. Tundu likikata gamba la chaza, chaza alitangulia. Chaza akiuziba mdomo wa tundu, mchimbaji alitangulia. Kwa kusoma hivyo, jiwe dogo hutoa taarikhi ya ujirani wa viumbe waliokufa zamani za zamani.

Mti nao hauachwi. Katika udongo wa kale wa London hupatikana vipande vya magogo vilivyogeuka jiwe, vimejaa njia za jamaa wa wale wadudu ambao mabaharia wa mwambao wetu waliwazuia kwa kupaka deheni chini ya majahazi. Nao, ijapokuwa umbo lao ni la mnyoo, ni katika kabila la kome na chaza.

Pwani ya Mombasa mwamba wenyewe ni matumbawe ya kale, na sehemu yake kubwa iliota takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Msomaji atakayeona tundu katika mwamba kama huo, mahali ambapo maji hayafiki tena, namwomba asiling'oe jiwe kwanza. Apime kimo chake kutoka maji makuu, atazame mdomo umeelekea wapi, na kama mna gamba ndani, aandike yote hayo, kwani jiwe likiisha kuondolewa pale, sehemu kubwa ya ushahidi wake imepotea.