Vyuo Vilipokaa Kikao

Leo sina sungura wala fisi, wajukuu zangu. Nina vyuo vikuu.

Sangara wakishushwa mwaloni Musoma, wanunuzi hugombea. Huyu anataja bei, yule anapandisha, mvuvi anachagua. Sasa tuseme wanunuzi wote wamejifungia usiku na kukubaliana bei moja. Asubuhi mvuvi atazunguka mwalo mzima asipate wa kumwongezea hata shilingi. Hiyo ni njama, na Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inaikataza.

Huko Marekani, vyuo vinane vya kundi liitwalo Ivy League pamoja na chuo cha MIT vilikuwa na kikao chao cha kila mwaka tangu miaka ya 1950. Kijana akikubaliwa na Harvard na Yale, wakubwa wa vyuo walilinganisha msaada wa ada ambao kila chuo kingempa, wakausawazisha. Naye akadhani anachagua! Mwaka 1991 serikali ikavishtaki. Vinane vikaahidi kuacha, MIT ikaendelea kupambana mahakamani. Utetezi wake si wa kupuuzwa: vyuo vikigombea wenye akili, fedha zitamfuata mtoto wa tajiri aliyefaulu, maskini akose.

Mwaka 1994 Bunge lao likaruhusu vyuo vikubaliane namna ya kupima uwezo wa familia, kwa sharti moja: chuo kisiangalie mfuko wa mzazi kinapopokea mwanafunzi. Januari 2022 wanafunzi wa zamani wakafungua kesi Chicago dhidi ya vyuo vilivyoitumia ruhusa hiyo, wakidai sharti hilo lilivunjwa na watoto wa matajiri wakapendelewa. Vyuo vilikana. Hata hivyo, kufikia 2024 vyuo kumi vilikuwa vimekubali kulipa jumla ya dola milioni 284 ili yaishe, bila kukiri kosa.

Turudi nyumbani. Mtoto wa hapa Butiama, Julius Kambarage Nyerere, alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili. Ninyi mtakutana na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Nayo hupima kaya zote kwa kipimo kimoja, na mimi sioni ubaya hapo, maana mwongozo hutangazwa kila mwaka na aliyepunjwa hukata rufaa. Kilichoniudhi kwa wale wa Marekani ni mlango uliofungwa. Ila msisahau kwamba msaada wa Bodi ni mkopo: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara hukatwa hadi deni liishe.