Nafasi Iliyoachwa Wazi: Mzungumzaji wa Kiswahili Mbele ya Sentensi ya Kiingereza



Jioni moja alinijia nyumbani, Tabata Kimanga, kijana wa jirani aliyekuwa kidato cha pili. Aliniamkia, akaketi, akafungua daftari lenye zoezi la Kiingereza: sentensi kumi zilizoachwa nafasi wazi ili azikamilishe. Alikuwa amepata mbili. Nane zilizobaki zilitiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, bila neno hata moja la maelezo. "Babu," aliniambia, "mimi Kiingereza sikiwezi."

Nilizisoma sentensi zile mara mbili. Sita kati ya nane alizokosa zilikuwa zimekamilishwa kwa kufuata kanuni, tena kwa uaminifu mkubwa. Ila kanuni zenyewe zilikuwa za Kiswahili. Ni hizo sita ninazokusudia kuzijadili katika mhadhara huu.

Ya kwanza ilihusu mvua. Alitakiwa kuweka neno moja kabla ya "is raining", naye akaandika "Rain". Hoja yake ni njema. Katika Kiswahili mvua hunyesha, jua huwaka, upepo huvuma. Kila tendo lina mtenda wake. Tena kiima chetu si lazima kisimame peke yake, kwa kuwa kiambishi cha upatanisho hukibeba ndani ya kitenzi: "inanyesha" ni neno moja na ni sentensi timilifu. Kiingereza hakikubali hivyo. Kinadai kiima kisimame mbele ya kitenzi kama neno kamili, hata pale ambapo hakuna kinachotajwa, ndipo kinapoweka "it" isiyorejelea kitu chochote. Je, jambo hili ni geni kwetu? Hata kidogo. Tunaposema "inafaa tuondoke", kiambishi i- kinarejelea nomino gani? Mwalimu akianzia hapo, "it" haitahitaji zaidi ya dakika tano.

Ya pili ndiyo iliyonikalisha hadi usiku. Sentensi ilianza "This is the book which", ikaacha nafasi, ikamalizia kwa "yesterday". Kijana alijaza "I bought it". Tazameni alikotoa "it" hiyo. Kwa Kiswahili tunasema "kitabu nilichokinunua jana", ambapo -cho- ni kirejeshi na -ki- ni kiambishi cha yambwa, na vyote viwili vinarejelea kitabu kilekile. Wapo wanaosema "nilichonunua", nao wamesema sahihi. Lakini kuitaja yambwa mara ya pili ndani ya kitenzi si kosa kwetu, ni jambo la kila siku. Kiingereza sanifu kinakataa katakata. Baada ya "which" kutangulia, mahali pa yambwa nyuma ya kitenzi hapana budi pabaki patupu. Ajabu ya zoezi lile ni kwamba lilimwamuru kijana ajaze nafasi, ilhali kanuni iliyokuwa inapimwa ilimtaka aiache moja tupu.

Kijana huyohuyo ukimuuliza kwa Kiingereza kama amenunua mkate, atakujibu "Yes, I have bought", na hapo "it" inayodaiwa haipo. Mwalimu aliyechoka atasema huyu anabahatisha: anaiweka isipotakiwa, anaiacha inapotakiwa. Habahatishi. "Umenunua mkate?" "Nimenunua." Jibu hilo limekamilika kwetu, kwa sababu kiambishi cha yambwa kwa vitu visivyo na uhai huja au huachwa kwa kutegemea kusudi la msemaji. (Na hapa pana hazina ambayo vitabu vya kiada haviitumii. "Nimenunua kitabu" na "nimekinunua kitabu" si sentensi moja. Ya pili inadokeza kitabu ambacho mimi na wewe tunakijua. Hiyo, kwa sehemu kubwa, ndiyo tofauti ya "a" na "the", ambayo wanafunzi wetu huambiwa kwamba haina mfano katika lugha yao.)

Sentensi ya tatu ilikuwa ya masharti. Alitakiwa kukamilisha "If I ... money, I would buy a bicycle", akaandika "would have". Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili: "ningekuwa na fedha, ningenunua baiskeli", na tunawakemea wanaochanganya -nge- na -ngali- katika sentensi moja. Kijana aliyefundishwa vyema ulinganifu huo aliupeleka kwenye Kiingereza, lugha inayotaka wakati uliopita upande wa sharti na "would" upande wa matokeo tu. Ya nne ni ndogo: baada ya "Although" aliongeza "but", kama tusemavyo "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja". Kiingereza kinatosheka na kiunganishi kimoja.

Ya tano ina uzito nje ya darasa. Swali lilikuwa "Haven't you eaten?", na jibu lilimalizika kwa "I haven't". Kijana akatanguliza "Yes". Kwetu, anayeulizwa "hujala?" hujibu "ndiyo, sijala", yaani maneno yako ni kweli. Mwingereza haafiki wala hakanushi maneno ya muulizaji. Yeye hutazama tendo lenyewe, na kama halikufanyika husema "No". Mkalimani mahakamani asiyeijua tofauti hii anaweza kuugeuza ushahidi wa mtu bila kukusudia, na mgonjwa anayeulizwa kama hajameza dawa anaweza kuandikiwa kinyume cha alichosema.

Ya sita ni "You live in Tabata", naye akamalizia "isn't it?" Hiyo ni "sivyo?" yetu, ambayo haibadiliki iwe sentensi ni ya nani au ya wakati gani. Kiingereza hutaka kitenzi kisaidizi kirudiwe, ukanushi ugeuzwe na nafsi ilingane, hata kama kisaidizi hicho hakikuonekana mwanzoni: "don't you?" Ni kazi nzito kwa kijisentensi kidogo, na hata vijana wa London wengi hufunga sentensi za kila aina kwa "innit".

Robert Lado alidai mwaka 1957 kwamba ulinganishi wa lugha mbili waweza kutabiri ugumu atakaoukuta mwanafunzi. Miaka kumi baadaye, 1967, S. P. Corder akatukumbusha kwamba kosa la mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga. Mwaka huohuo wa 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba hatua hiyo ifike sekondari. Haikufika, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikakibakiza Kiingereza huko. Kwa hiyo kijana aliyesoma kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba huvuka kwenda lugha nyingine, na katika baadhi ya shule huadhibiwa akionekana kusema ile aliyovuka nayo. Kwa mtazamo wangu, hilo ni kumnyang'anya fimbo mtu anayepapasa njia.

Nilipomweleza kijana haya yote aliniuliza swali lililonisikitisha: "Kumbe Kiswahili nacho kina kanuni, babu?" Alikuwa amesoma Kiswahili miaka tisa.

Zilibaki sentensi mbili, zote za vihusishi: ya kwanza ilitaka "in" baada ya "interested", ya pili ilitaka "at" baada ya "good". Kiswahili hakina msaada hapo, na sidhani kama Kiingereza chenyewe kina sababu ya kutosha. Hizo nilimwambia azikariri.