Ujumbe wa Malipo Umeingia: Je, Fedha Nazo Zimeingia?

Alfajiri pale Uyole, magunia ya viazi yakiwa yamekwisha kupangwa juu ya lori la kwenda Dar es Salaam, dereva huwa na haraka na mnunuzi huwa mbali. Kinachosubiriwa ni mlio wa simu. Simu inalia, ujumbe unasomeka kwamba kiasi fulani kimepokelewa, mwenye mali anaashiria kwa mkono, lori linaondoka. Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye nyanya kando ya barabara kuu pale Ilula, kwa muuza mchele wa Kyela katika soko la Mwanjelwa, na kwa mwenye duka la vipuri Iringa mjini ambaye mteja wake anamwonyesha kioo cha simu na kusema, "Tazama, nimeshalipa." Makala hii inahusu dakika moja tu katika biashara hizo zote, nayo ni ile iliyo kati ya ujumbe kuingia na bidhaa kutoka.

Ujumbe ni taarifa tu

Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza kuenea nchini mwaka 2008, tumezoea kuuona ujumbe wa malipo kama ndio malipo yenyewe. Sivyo ulivyo. Fedha zako zimo katika kumbukumbu za mtoa huduma, si ndani ya simu. Mtu anapokulipa, mfumo hupunguza salio lake na kuongeza lako. Baada ya hapo ndipo unapotumwa ujumbe wa kukuarifu. Kazi ya kuhamisha fedha na kazi ya kupeleka habari ni mbili tofauti, na kila moja inaweza kufanyika bila ya nyingine. Fedha zinaweza kuingia, ujumbe ukachelewa kwa sababu mtandao umelemewa au kwa sababu uko bondeni Rungwe ambako simu haishiki vizuri. Na ujumbe unaweza kuingia bila fedha yoyote, kwa sababu maandishi huweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye simu.

Hapo ndipo tapeli anapopata riziki yake. Hunakili ujumbe halisi neno kwa neno, akabadili kiasi na jina, akautuma. Baadhi ya ujumbe huo hutoka katika namba ya kawaida ya tarakimu kumi, na msomaji makini hugundua mara moja kwamba haukutoka kwa mtoa huduma. Lakini saa kumi na moja alfajiri, dereva akipiga honi, wasomaji makini huwa wachache. Inashangaza kwamba muuzaji na mnunuzi wanaweza kubishana nusu saa juu ya lumbesa ya gunia moja, kisha ujumbe wa malipo ya lori zima ukasomwa kwa nukta mbili.

Kuna jambo moja ambalo tapeli hawezi kulinakili, nalo ni salio lako. Ujumbe halisi wa kupokea fedha kwa kawaida hutaja salio jipya. Kama jioni ulikuwa na shilingi 84,000 na sasa umepokea 600,000, salio lisomeke 684,000. Mwenye kughushi hajui ulikuwa na kiasi gani, hivyo ama huiacha sehemu hiyo, ama huweka tarakimu za kubahatisha. Mfanyabiashara anayelijua salio lake la jana anayo kinga isiyogharimu kitu.

Hata hivyo, njia ya uhakika ni kutousoma ujumbe kabisa na kwenda kwenye menyu. Piga *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa au *150*71# kwa T-Pesa, kisha uangalie salio. Ukitumia programu ya mtoa huduma kwenye simu janja, ifungue wewe mwenyewe. Usifuate kiungo kilichomo ndani ya ujumbe. Kazi hii haizidi dakika moja. Mnunuzi wa kweli hawezi kukasirika kwa kusubirishwa dakika moja, na anayekasirika amekupa sababu ya kuangalia mara ya pili.

Picha ya kioo cha simu inayotumwa kwa WhatsApp si uthibitisho wa malipo. Wala simu ya mteja inayonyoshwa mbele ya kaunta si uthibitisho. Vyote viwili vinaonyesha kilichomo katika simu yake, si kilichoingia katika akaunti yako.

Mwenye duka akiwa safarini

Ugumu huanza pale mwenye duka anapokuwa Tunduma kufuata mzigo na dukani amebaki kijana wa kuuza. Malipo yanaingia katika simu iliyoko Tunduma. Mteja yuko Mwanjelwa na ameshabeba bidhaa. Kijana hana njia ya kuhakikisha isipokuwa kupiga simu, na simu ikiwa haipatikani, hulazimika kuamini. Wengine hutatua tatizo hili kwa kumpa kijana simu pamoja na namba ya siri. Hatushauri hivyo. Anayekuwa na namba ya siri anaweza kupokea, kutoa na kutuma, na siku hesabu zikipotea hakuna atakayeweza kuonyesha nani alifanya nini.

Njia bora ni namba ya malipo ya biashara, ile iliyozoeleka kwa jina la Lipa Namba. Mteja anapoiingiza, jina la biashara humtokea kabla hajathibitisha, na fedha huingia katika akaunti ya biashara badala ya ile unayonunulia sukari ya nyumbani. Unapoiomba, muulize mtoa huduma wako kama muuzaji wa dukani anaweza kuona malipo yaliyoingia bila kuwa na uwezo wa kuzitoa fedha. Ukishaipata, usisahau lile bango ukutani. Mtu anaweza kubandika namba yake juu ya namba yako, na wateja wakamlipa yeye siku nzima kwa nia njema kabisa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mauzo, lisome bango lako kama mteja anavyolisoma.

"Samahani, nimekosea kutuma"

Baada ya ujumbe wa uongo hufuata simu ya unyenyekevu. Mama mtu mzima, au kijana mwenye sauti ya kulia, anasema ametuma ada ya mtoto katika namba yako kwa bahati mbaya, naomba nirudishie. Moyo wa mtu mwema hutaka kurudisha papo hapo. Usirudishe kwa mkono wako, hata kama umeangalia salio na kukuta fedha kweli zimeingia.

Sababu yake ni hii. Aliyekosea kutuma ana haki ya kumwarifu mtoa huduma wake, na mtoa huduma anaweza kuzirudisha fedha hizo kutoka kwenye akaunti yako. Ukiwa umeshazituma wewe mwenyewe, utakatwa mara mbili. Mjibu kwa upole kwamba apige 100, namba ya huduma kwa wateja, na kwamba wewe hutazigusa fedha hizo. Mkosaji wa kweli atashukuru.

Ndugu wa ujumbe huo ni ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Hutumwa kwa watu wengi kwa mkupuo, ukimlenga yule mmoja ambaye kweli alikuwa njiani kumlipa mtu. Kwa wanunuzi wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni au wa mbao za Mafinga, ambao hulipa watu wengi kwa siku, huo ni mtego mkubwa. Mtu akikuarifu kwamba namba yake ya malipo imebadilika, mpigie kwa namba ile ya zamani na umsikie sauti. Fanya hivyo hata kama taarifa imetoka katika WhatsApp yake, maana akaunti hizo nazo huibwa kwa kumlaghai mwenyewe ataje tarakimu sita alizotumiwa. Tarakimu hizo, kama ilivyo namba ya siri, hakuna mhudumu wa kampuni yoyote anayezihitaji. Anayekupigia kwa namba nyingine isiyo 100 akidai ni mhudumu wa mtandao wako, kata simu.

Namba ya biashara ni ya nani?

Usajili wa laini kwa alama za vidole, kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa, ulianza tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Wengi wakati ule walikuwa bado hawajapata namba ya NIDA. Walichofanya kinaeleweka: walimwomba shemeji, mpangaji mwenzao au jirani aweke kidole chake. Namba ile ile ikaendelea kufanya kazi, ikaandikwa mlangoni, ikajulikana na wateja mpaka Songea, na jambo likasahaulika.

Lakini katika kumbukumbu, namba hiyo na salio lake ni vya shemeji. Simu ikipotea, ni yeye atakayetakiwa kwenda kuirudisha laini. Mkikosana, anaweza kuirudisha bila wewe. Akifariki, mtaji wako utaonekana kuwa sehemu ya mali aliyoiacha, na utakuwa na kazi ngumu ya kuwaeleza ndugu zake. Kama hali yako ni hiyo, nenda na mwenye kidole katika duka la mtoa huduma, angali hai na mngali mnaelewana, laini ihamishiwe kwa jina lako au jina la biashara yako.

Upande wa pili, piga *106# uangalie namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kaiondoe. Huenda uliwahi kusajili laini kwa wakala wa barabarani aliyekwambia "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe kidole cha pili kilikuwa kinasajili laini ya pili, ambayo leo inatapeli watu kwa jina lako.

Na kama kinachokusumbua ni mtandao dhaifu, huna haja ya kuitupa namba yenye wateja. Tangu Machi 2017 mtumiaji anaweza kuhama mtandao na namba yake. Toa kwanza fedha zote zilizomo, kwa kuwa salio halihami pamoja na namba.

Simu ikikosa mtandao ghafla, angalia simu ya jirani anayetumia mtandao huo huo. Katika milima ya Kilolo na Rungwe kukosa mtandao ni jambo la kila siku, lakini kama ya jirani inashika na yako imekufa, yawezekana mtu amesajili upya laini yako. Azima simu, piga 100 mara moja, uombe akaunti yako izuiwe.

Ukiwa umeshaibiwa

Mpigie kwanza mtoa huduma, kabla hujamweleza mtu mwingine. Fedha zikiwa bado hazijatolewa kwa wakala zinaweza kuzuiwa, na hapo kila dakika ina thamani. Kisha toa taarifa polisi. Ujumbe wa tapeli usiufute; utume kama ulivyo kwenda 15040, na ukiulizwa namba iliyoutuma, iandike. Fanya hivyo hata kama hukuibiwa, kwa sababu namba hiyo hiyo huenda muda huu inamwandikia mtu mwingine Makambako.

Malalamiko dhidi ya mtoa huduma huanzia kwake mwenyewe. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako na uiandike pamoja na tarehe na saa. Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa, lilete kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya, na wakazi wa Iringa wanahudumiwa na ofisi hiyo hiyo. Njoo na namba ya kumbukumbu, kitambulisho chako, na simu yenyewe ikiwa na ujumbe wote uliopokea.