Kadi ya Grafiki: Kasi Inazuiwa na Nini?

Anayenunua kadi ya grafiki akikusudia kuipandisha kasi kupita kiwango cha kiwandani hukuta aina mbili mbele yake. Kuna kadi rejea, iliyobuniwa na mwenye chipu mwenyewe, yaani Nvidia au AMD. Na kuna kadi maalumu: kampuni kama ASUS, MSI au Sapphire huchukua chipu ileile ikaiundia bodi yake, feni zake na mfumo wake wa umeme. Wengi huamini kwamba ya pili hushinda siku zote, wakalipa zaidi bila kuuliza. Mimi naona kuna swali la kutangulia: chipu hii inazuiwa na nini isipande? Ni joto, ni umeme, au ni volti?

Chukua Radeon R9 290X, iliyotoka Oktoba 2013. AMD waliitangaza kwa kasi ya hadi megahezi 1,000, kisha wakaivika feni moja inayosukuma hewa ya moto nje kupitia nyuma ya kompyuta. Ikiwekwa katika hali ya ukimya, feni ilifungiwa asilimia 40 ya nguvu zake. Chipu ilifika nyuzi 95, ambalo ndilo joto ililoruhusiwa kufanyia kazi, na ili isivuke hapo ikapunguza kasi yenyewe katikati ya gemu. Kuongezea kasi kadi ambayo haiwezi hata kushika kasi yake ya kuzaliwa ni kazi bure, labda uvumilie kelele za feni iliyofunguliwa mpaka mwisho. Kadi maalumu zilipofika, kama Sapphire Tri-X yenye feni tatu, chipu ileile ilishika megahezi 1,000 na zaidi bila kuyumba, tena kwa joto la chini sana. Hapo kizuizi kilikuwa joto, na aliyelipia kipoozeo bora alipata alichokilipia.

Sasa tazama GeForce GTX 1080 ya Mei 2016. Kadi rejea, ambayo Nvidia waliipa jina la Founders Edition, iliuzwa dola 699, ilhali bei iliyotangazwa kwa kadi za makampuni mengine ilianzia dola 599. Ikiachwa na mipangilio ya kiwandani, nayo ilifika nyuzi 83 na kuanza kujishusha. Lakini feni ikiongezwa na kikomo cha umeme kikisogezwa, kadi nyingi, za rejea na maalumu, ziliishia pale pale, kati ya megahezi 2,000 na 2,100. MSI Gaming X ilikuwa na soketi mbili za umeme, ya pini nane na ya pini sita. Ukijumlisha na wati 75 za ubao mama, ilikuwa na njia ya wati 300. Founders Edition ilikuwa na soketi moja ya pini nane, jumla wati 225. Wati hizo 75 za ziada zilizaa kasi kidogo mno, kwa sababu Nvidia walikuwa wamefunga volti ya chipu kwenye takriban 1.09. Kadi maalumu ilikuwa na ubaridi na ukimya zaidi, na hizo ni faida za kweli kwa anayekaa na kompyuta hiyo kila siku. Ila kasi ya ziada, hapana.

Volti ina uzito huo kwa sababu umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ongeza volti asilimia 10, na matumizi yataongezeka kama asilimia 21 kabla hujaigusa kasi yenyewe. Umeme huo wote hugeuka joto, na chipu yenye joto huvujisha umeme zaidi. Tena joto la kadi hupimwa juu ya joto la chumba: kipoozeo kilichosifiwa katika chumba cha nyuzi 21 kitakuwa na kazi nyingine kabisa Mombasa mwezi Februari.

Kadi rejea ina jambo moja ambalo wapandisha kasi wakongwe hulithamini. Bodi yake inajulikana, hivyo watengenezaji wa vipoozeo vya maji huikimbilia kwanza. Kwa anayekusudia kung'oa feni na kupitisha maji, feni tatu za kadi maalumu ni gharama ya kitu atakachokitupa kabatini.

Mambo yamebadilika pia. Tangu 2018 Nvidia waliachana na ile feni moja kwenye Founders Edition. RTX 4090 yao ya 2022 iliruhusu kikomo cha umeme kupandishwa kutoka wati 450 hadi 600, huku baadhi ya kadi maalumu za bei nafuu zikifungiwa 450. Ukubwa wa boksi hautakuambia hilo. Tafuta kikomo cha wati cha modeli yenyewe kabla ya kutoa pesa.

Na kadi unayoimiliki tayari itakujibu yenyewe. Fungua programu ya bure ya GPU-Z huku gemu nzito ikiendelea, utazame mstari wa PerfCap Reason kwenye kadi za Nvidia. Ukisoma Thrm, kizuizi ni joto: ongeza feni, safisha vumbi, fungulia kasha njia ya hewa. Ukisoma Pwr, kadi imegonga kikomo cha wati. Kisogeze kwa programu ya MSI Afterburner, au jaribu kushusha volti kidogo kwenye kasi ileile, ambayo mara nyingi huleta zaidi kuliko kuongeza. Ukisoma VRel au VOp, umefika kwenye ukuta wa volti, na kadi ya bei kubwa zaidi yenye chipu hiyohiyo nayo itasimama karibu na hapo hapo.